Tekno, matawi yake na kazi ya DJ: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa watu wanaokuja kujifunza kupiga muziki, na kwa wasikilizaji wanaosimama kando ya meza ya DJ usiku wakitaka kujua wanachokisikia ni kitu gani. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yanayozua ubishi. Pale jibu linapogusa jambo lililokwisha kuelezwa, namba ya swali husika imetajwa.

## Misingi

1. Tekno ni nini, na inatofautiana vipi na hausi?

Tekno ni muziki wa dansi unaoundwa kwa mashine, ambao ngoma yake nene ya chini, iitwayo kiki, hugonga katika kila pigo la hesabu ya nne bila kuruka. Hausi nayo ina kiki ya namna hiyohiyo, ndiyo maana wengi huchanganya mambo. Tofauti iko katika kile kinachowekwa juu ya kiki. Hausi, iliyozaliwa Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilibaki na damu ya disko na ya kwaya za kanisani: sauti za waimbaji, piano, besi inayonesa. Tekno ilivua sehemu kubwa ya mavazi hayo, ikabakiza mdundo, sauti za sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachounda sauti, na nafasi tupu katikati yake.

Wimbo ukiisha nawe ukajikuta unaimba kiitikio chake, huenda ni hausi. Ukijikuta unagonga meza kwa vidole, huenda ni tekno. Kipimo hicho si cha kitaalamu, lakini mara chache kimenidanganya.

2. Je, tekno ni muziki wa Wajerumani?

Hapana, ingawa nao wana haki ya kutajwa. Tekno ni kazi ya vijana weusi wa Detroit na vitongoji vyake, nchini Marekani. Juan Atkins na mwenzake Rik Davis, wakijiita Cybotron, walitoa "Alleys of Your Mind" mwaka 1981. Mwaka 1985 Atkins, kwa jina la Model 500, alitoa "No UFO's" kupitia lebo yake, yaani kampuni ya kutoa muziki, ya Metroplex. Yeye, Derrick May na Kevin Saunderson walisoma pamoja katika mji mdogo wa Belleville, na ndiyo maana hadi leo huitwa watatu wa Belleville. Walikuwa wakisikiliza kipindi cha redio cha mtangazaji aliyejulikana kama The Electrifying Mojo, ambaye aliweza kupiga Parliament na Prince, kisha akawaunganisha na kundi la Kraftwerk la Düsseldorf, Ujerumani, bila kuomba radhi. Hapo ndipo Ujerumani inapoingia kwa mara ya kwanza.

Jina lenyewe lilishika mizizi mwaka 1988, santuri ya mkusanyiko iitwayo "Techno! The New Dance Sound of Detroit" ilipotolewa Uingereza. Ujerumani iliingia mara ya pili baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka Novemba 1989, majengo mengi ya upande wa mashariki yalipobaki bila mwenyewe anayejulikana. Klabu ya Tresor ilifunguliwa Machi 1991 ndani ya chumba cha chini cha hazina cha lililokuwa duka kubwa la Wertheim, na kundi la Underground Resistance kutoka Detroit likapata huko masikio ambayo nyumbani lilikuwa halijayapata. Mwaka 2024 utamaduni wa tekno wa Berlin uliingizwa katika orodha ya taifa ya urithi usioshikika ya Ujerumani. Ni heshima inayostahili, ila anayeisoma habari hiyo asisahau kutazama ng'ambo ya bahari.

3. Kwa nini wimbo unarudia kitu kilekile kwa dakika saba?

Kwa sababu haukutungwa ili usikilizwe peke yake. Nyimbo nyingi za tekno ni nusu ya kitu. Nusu ya pili ni wimbo mwingine ambao DJ ataulaza juu yake, na mwanzo na mwisho wake mrefu wa ngoma tupu ni nafasi iliyoachwa makusudi kwa kazi hiyo (tazama swali la 13). Zaidi ya hapo, yeyote aliyewahi kukaa kwenye ngoma hadi alfajiri anajua kwamba marudio hayachoshi yakipigwa vizuri. Sikio huacha kusubiri jambo jipya, likaanza kuona mabadiliko madogo: haihati, yaani visahani vidogo vya juu, inafunguka kidogo, mwangwi unarefuka, kiki inaondolewa kwa hesabu mbili kisha inarudi, na ukumbi mzima unapiga kelele kana kwamba imeletwa zawadi.

4. Tekno huenda kwa spidi gani?

Spidi hupimwa kwa idadi ya mapigo kwa dakika. Tekno nyingi hukaa kati ya 125 na 140. Ya dabu (swali la 7) hupenda upande wa chini, aina ngumu za siku hizi huvuka 145 hadi 160, na gaba (swali la 9) huanzia hapo na kupanda. Spidi peke yake haitambulishi tawi. Wimbo wa 135 wenye nafasi nyingi huhisika wa polepole kuliko wa 126 uliojazwa hadi pomoni.

## Matawi

5. Matawi yako mangapi, na nani ameyapa majina?

Hakuna orodha rasmi. Majina mengine yalitoka kwa wauza santuri waliohitaji kujua waweke nini kwenye rafu ipi, mengine kwa waandishi wa magazeti ya muziki, mengine ni utani ulioganda. Beatport, duka la mtandaoni ambamo ma-DJ wengi hununua nyimbo, liliigawa tekno mafungu mawili mwaka 2020: moja la nyimbo za kilele cha usiku zenye kusukuma, jingine la nyimbo ghafi, za kina na za kuduwaza. Ni mgawanyo wa duka, lakini kwa maoni yangu una maana zaidi kuliko majina mengi, kwa sababu unaeleza wimbo unafanya kazi gani ukumbini badala ya kueleza umetoka kwa nani.

6. Tekno ya Detroit inasikika vipi?

Ina huzuni yenye matumaini. Juu ya ngoma za mashine utasikia nyuzi za sinthesaiza na akodi za jazi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, na ngoma zenyewe huyumba kidogo kama mtu anayetembea akiwa na jambo moyoni. Mfano unaotajwa na kila mtu ni "Strings of Life" ya Derrick May, ya mwaka 1987, wimbo uliotikisa kumbi za Uingereza ilhali hauna mstari wa besi hata kidogo. Upande mwingine kuna Underground Resistance, wakali na wenye msimamo, na Drexciya, wawili waliojenga katika elektro, ndugu wa tekno mwenye mdundo wa kukatikakatika, hadithi nzima ya taifa linaloishi chini ya bahari, wazao wa wanawake wajawazito waliotoswa kutoka kwenye meli za watumwa.

7. Minimali na dabu ni kitu kimoja?

Zote mbili hupunguza, lakini hazipunguzi kitu kimoja. Minimali hupunguza vyombo. Robert Hood wa Detroit, katika "Minimal Nation" ya 1994, alibakiza kiki, haihati na kipande kimoja cha sinthesaiza kinachozunguka, kisha akafanya kila badiliko dogo lionekane tukio. Muziki wa jina hilo uliotawala Berlin miaka ya 2000 ni laini zaidi na umejaa milio midogomidogo ya kubofya. Anayetafuta ukali wa Hood humo atarudi mikono mitupu.

Dabu hupunguza ukali wa kingo. Moritz von Oswald na Mark Ernestus wa Berlin, kwa jina la Basic Channel, kuanzia mwaka 1993 walichukua ujuzi wa mafundi mitambo wa Jamaika, wa kuugeuza mwangwi kuwa ala, wakautia ndani ya tekno. Akodi moja hupigwa, kisha hubaki ikielea na kuyeyuka kama moshi wa udi katika chumba kilichofungwa.

8. Asidi inatoka wapi?

Ni mlio, nao unatoka katika kifaa kimoja kidogo, Roland TB-303, kilichoingia sokoni mwaka 1981 ili kimpigie besi mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake. Kazi hiyo kilishindwa, uzalishaji ukasimamishwa, kikauzwa kwa bei ya kutupa katika maduka ya vitu vilivyotumika. Vijana wa Chicago waliojiita Phuture walikinunua, wakazungusha vitufe vyake wakati kinapiga, na kile kilio cha majimaji kilichotoka kikawa "Acid Tracks" ya 1987. Husimuliwa kwamba DJ Ron Hardy alipoupiga kwa mara ya kwanza watu waliondoka sakafuni. Akaurudia usiku uleule, na kufikia mara ya nne ukumbi ulikuwa umepagawa. Tekno ya asidi ni kilio hichohicho kilichowekwa juu ya ngoma ngumu zaidi na za kasi zaidi.

9. Aina ngumu zinatofautianaje?

Kwa aina ya ugumu. Tekno ya Birmingham, ya akina Surgeon na Regis, ni ngumu kwa ukavu: mizunguko mifupi isiyo na chembe ya huruma. Schranz, jina linalohusishwa na DJ Mjerumani Chris Liebing, ni ngumu kwa msongamano. Kila kitu kimebanwa na kukwaruzwa mpaka wimbo mzima unasikika kama treni moja ndefu inayopita dirishani. Tekno ya viwandani huazima milio ya vyuma na mashine. Gaba ya Rotterdam, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ni ngumu kwa kiki yenyewe, iliyopandishwa sauti hadi ikapasuka na kuwa kama noti ya muziki. Neno lenyewe katika lugha ya mitaani ya Kiholanzi lina maana ya mshikaji. Kinachouzwa leo kwa jina la tekno ngumu mara nyingi ni mchanganyiko wa Schranz, gaba na transi (muziki mwingine wa dansi wa mashine), na vijana hawaulizi nasaba yake. Sioni ubaya.

10. Je, tekno ya melodia ni tekno kweli?

Ndiyo, ingawa wakongwe hununa. Lawama yangu kwake ni ndogo: nyimbo zake nyingi zina kilele kimoja kikubwa katikati, kwa hiyo zikipigwa kumi mfululizo hadhira hupandishwa mlima uleule mara kumi. Moja au mbili katikati ya nyimbo kavu hufanya kazi nzuri sana.

11. Na singeli?

Singeli si tawi la tekno. Ina ukoo wake, unaopita kwenye mchiriku na taarabu za uswahilini Dar es Salaam, na ilikua bila kusubiri idhini ya Detroit wala Berlin. Swali huulizwa kwa sababu wasikilizaji wa tekno Ulaya waliipokea kwa haraka, hasa baada ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala kutoa "Sounds of Sisso" mwaka 2017. Kilichowavuta ni vipande vifupi vinavyozungushwa bila kuchoka, kompyuta za kawaida zinazofanyishwa kazi kubwa, na kasi inayovuka mapigo 200 kwa dakika. Kwa DJ kuna siri ndogo: singeli ya 264 ni maradufu kamili ya tekno ya 132, hivyo zinaweza kulala pamoja bila mojawapo kuguswa spidi.

## Kazi ya DJ

12. DJ mzuri wa tekno hupimwa kwa kitu gani?

Kwa kusikiliza, na kwa mambo mawili anayoyasikiliza kwa wakati mmoja: wimbo na ukumbi. Anayeujua wimbo vizuri anajua kiki yake ina uzito gani, haihati inaingia wapi, kelele ya katikati itagombana na ya wimbo upi. Anayeusoma ukumbi anaona kabla ya wengine kwamba mabega yameanza kulegea, au kwamba watu wamefungiwa katika mdundo mmoja na mabadiliko yoyote yatawaamsha bure. Ujuzi wa matawi unasaidia hapo tu. Hakuna mchezaji aliyewahi kuuliza kama wimbo ni Schranz au la. Lakini DJ anayejua kwamba dabu hulegeza magoti na asidi hukaza taya ana dawa ya kutoa kwa wakati wake.

Mfano mzuri wa kuusikiliza ni Jeff Mills, mmoja wa waasisi wa Underground Resistance. Rekodi yake ya ukumbi wa Liquid Room jijini Tokyo, iliyotolewa mwaka 1996, inapitia zaidi ya nyimbo 30 kwa muda wa saa moja na dakika chache, na baadhi hazikai hata dakika mbili. Mikwaruzo inasikika, mapigo yanayumba mahali fulani na kurekebishwa. Hakuna anayejali, kwa sababu kila wimbo unaingia ukiwa na jambo la kusema.

13. Nyimbo mbili huchanganywa vipi?

Tuseme wimbo unaosikika unakwenda 132, na unaoufuata ulirekodiwa kwa 128. Ule wa pili unausukuma juu kwa takriban asilimia 3.1 kwa kitelezi cha spidi, huku ukiusikiliza katika hedifoni kwa sikio moja. Sikio jingine linabaki ukumbini. Kiki zikiwa hazijalingana utazisikia kama watwangaji wawili wa kinu kimoja ambao mmoja amepoteza zamu. Unausukuma au unaushika kidogo, hadi michi miwili inasikika kama mmoja.

Kisha unasubiri. Tekno imejengwa kwa mafungu ya mapigo 32, ambayo kwa spidi ya 132 ni sekunde 14 na nusu hivi, na wimbo mpya unapaswa kuanza pale fungu linapoanza. Kitufe cha besi cha wimbo mpya kiko chini kabisa, kwa hiyo inaingia haihati yake peke yake, na mtu aliye sakafuni anahisi tu kwamba hewa imebadilika. Baada ya mafungu mawili au manne, mwanzoni mwa fungu, mkono mmoja unaondoa besi ya zamani na mwingine unaleta mpya kwa tendo moja. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na besi mbili hivyohivyo: ukiziacha pamoja spika zitanguruma bila kutoa mdundo wowote.

14. Je, kutumia kitufe cha kulinganisha spidi ni udanganyifu?

Si udanganyifu, lakini kitufe hulinganisha kile ambacho kompyuta inadhani ni pigo, na kompyuta hukosea, hasa kwa nyimbo za zamani zilizopigwa kwa mkono. Jifunze kwanza kwa masikio. Baadaye kitufe kitakuwa msaidizi unayeweza kumkosoa. Kulinganisha mapigo ndiyo sehemu rahisi ya kazi. Wimbo upi, lini, na uondoke lini: hayo hayana kitufe.

15. Nianze na santuri au na flashi?

Anza na unachoweza kukilipia. Mashine ya kupigia santuri ya Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979, yenye kitelezi cha asilimia 8 juu na chini, bado ni mashine bora ya kufundishia mkono, ila santuri ni ghali na kuzipata Afrika Mashariki ni shida. Kidhibiti kidogo cha kuunganisha na kompyuta kinatosha.

16. Naweza kuchanganya matawi katika seti moja?

Unapaswa kufanya hivyo. Ugumu huwa ni daraja, si matawi yenyewe. Kutoka dabu kwenda tekno ngumu moja kwa moja ni kumwagia mtu maji ya baridi, na hufaa mara moja kwa usiku, si zaidi. Tafuta wimbo wenye sifa za pande zote mbili, kwa mfano wenye mwangwi wa dabu na kiki nzito, uupe dakika zake kamili. Spidi ipande pigo moja au mawili kwa kila wimbo. Baada ya saa moja utakuwa mbali na hakuna atakayekumbuka mlivyofika.

17. Nimepewa nafasi ya kufungua ukumbi. Nipige nini?

Piga kwa ajili ya atakayekufuata. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nilipewa kuanza saa tatu usiku. Ukumbini kulikuwa na watu kumi na wawili, nusu yao wahudumu, nami nikafungua kwa nyimbo za 145 kwa kuwa ndizo nilizozipenda. Kufikia saa nne watu walikuwa nje wakizungumza, na mimi sikuwa na pa kwenda, kwa sababu juu ya 145 hakukuwa na kitu begini mwangu. DJ aliyenifuata hakuniambia neno. Alishusha spidi hadi 124, akaanza upya kana kwamba usiku haujaanza.

Kufungua ni kuacha nafasi. Nyimbo za kina, sauti ambayo watu bado wanaweza kuzungumza juu yake, na kiki inayoalika.

## Mambo ya pembeni

18. Mtu akija kuomba wimbo?

Msikilize kwa adabu. Mara nyingi hataki wimbo huo hasa. Anakuambia kwamba amechoka na ulichokuwa ukipiga kwa nusu saa. Hiyo ni taarifa, ipokee hata kama wimbo wenyewe hutaupiga.

19. Nifanye nini watu wakiondoka sakafuni?

Kwanza usibadilishe wimbo kwa hofu. Kubadilisha mara tatu kwa dakika tano huwafukuza hata waliobaki. Watazame walioendelea kucheza, kisha uwapigie wao. Na kumbuka kisa cha swali la 8: wakati mwingine wimbo uko sawa, ni sikio ambalo halijazoea. Ila Ron Hardy aliijua hadhira yake usiku baada ya usiku. Mgeni asijaribu kurudia wimbo mara nne.

20. Kazi hii inaharibu masikio?

Inaweza, na uharibifu wake hautibiki. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 mwongozo unaotaka sauti katika kumbi isizidi wastani wa desibeli 100, na hata kiwango hicho, kwa mapendekezo ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, ni cha dakika 15 tu kwa siku bila kinga. DJ hukaa saa kadhaa. Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, na spika inayokuelekea wewe uishushe kila unapomaliza kuchanganya.

21. Spika za ukumbi ni mbovu. Nifanyeje?

Fika mapema, piga wimbo mmoja unaoujua kama jina lako, uzunguke ukumbi mzima ukiusikiliza, pamoja na kule chooni. Kama upande mmoja umekufa, mwombe fundi aunganishe kushoto na kulia ziwe sauti moja, la sivyo nusu ya kila wimbo itapotea. Kama besi inakwaruza, ipunguze kwenye miksa, meza ya kuchanganyia sauti, na uchague nyimbo zinazobebwa na haihati na milio ya katikati. Asidi husalimika vizuri kwenye spika duni, dabu hufa papo hapo. Taa za miksa zikifika nyekundu, rudi kwenye kijani hata kama mwenye ukumbi anaonyesha kidole juu akitaka zaidi. Akisisitiza, mwonyeshe kitufe cha kikuza sauti, kwa kuwa hicho ni chake na spika ni zake.